Nani Alilala Hapa Jana?

Swali lile nililitunga mimi mwenyewe, na nilijivunia. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nimekaa hapa kuwanyooshea wengine kidole.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa na manispaa moja ya Brussels, upande wa mfereji. Sitaitaja, kwa sababu wengi niliofanya nao kazi bado wapo ofisini na mimi bado nanunua mkate mtaa uleule. Manispaa yetu ilikuwa inaomba ruzuku. Kila baada ya miaka kadhaa serikali za juu, ya shirikisho na ya mkoa, hutoa fedha za kufufua mitaa iliyochakaa: kununua majengo mabovu na kuyatengeneza yawe nyumba za bei nafuu, kuweka bustani, kujenga ukumbi wa wakazi. Lakini fedha hizo hazitolewi kwa huruma. Manispaa lazima ithibitishe kwamba mtaa wake una hali mbaya kuliko mitaa ya wenzake, na uthibitisho wenyewe ni namba. Watu wangapi wanabanana katika vyumba vingapi, kuta ngapi zina ukungu, vyoo vingapi viko nje kwenye ngazi. Mtaa wenye namba mbaya ndio unaopata. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kazi yetu ilikuwa kutafuta ubaya, na kwamba tukiupata tunafurahi.

Mimi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura. Nilifika Ubelgiji mkimbizi, nikasafisha ofisi za watu kwa miaka, nikasoma kozi za jioni hadi macho yakaniuma, mwishowe nikapewa kazi hii ya kugonga milango. Walinichukua kwa sababu nazungumza Kiswahili, Kirundi, Kifaransa, na Kiarabu cha kuombea maji. Mkataba wangu ulikuwa wa matayarisho tu. Ruzuku ikija, ningeendelea. Isipokuja, ningerudi kwenye ndoo na ufagio. Nilikuwa na watoto wawili na mume aliyekwisha kuondoka, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Wiki za kwanza tulitoka kapa. Fomu ilikuwa inauliza: nani anaishi hapa? Hilo si swali la kumuuliza mtu wa mtaa ule. Mmoja hana karatasi, mwingine karatasi zake zinasema anaishi kwa shangazi yake Liège, wa tatu atapunguziwa posho ikijulikana kwamba anaishi na dada yake. Kwa hiyo kila mlango jibu lilikuwa moja, niko peke yangu, na nyuma ya anayejibu naona jozi saba za viatu na sufuria ya kupikia jeshi. Nikamwendea mkuu wa mradi, mama mmoja Mbelgiji mwenye akili nyingi na subira kidogo. Nikamwambia tuache kuuliza nani anaishi. Tuulize nani alilala hapa jana. Mtu anaweza kukataa kwamba anaishi mahali, lakini kulala si kosa, na watu wetu hawaoni haya kusema wamemlaza ndugu yao.

Alibadilisha fomu siku hiyohiyo. Kwenye kikao akasema mbele ya wote kwamba hiyo ndiyo faida ya kuajiri mtu aliyetoka mtaani. Nikavimba kichwa wiki nzima. Na swali likafanya kazi: milango iliyokuwa na mtu mmoja ikawa na wanne, na watano.

Ilikuwa Alhamisi, kama saa nne asubuhi, tulipofika kwenye nyumba ninayotaka kuizungumzia. Tulikuwa wawili, mimi na msanifu majengo, kijana mrefu aliyekuja kwa baiskeli na kifaa chake cha kupimia vyumba. Mimi nauliza, yeye anapima. Ghorofa ya kwanza tulikuta mlango uko wazi. Sebuleni hapakuwa na meza ya kulia wala makochi. Magodoro yalikuwa yamepangwa ukutani pande zote, na akina mama wameyakalia, miguu imenyooshwa. Kwenye kabati kulikuwa na picha ya mwanamume mwenye tai, na mshumaa mbele yake.

Mwenyeji wa hapo nilikuwa namfahamu kwa sura. Mama wa Likasi, kule Katanga nchini Kongo, mzito, mpole, aliyesafisha wodi katika hospitali moja ya Woluwe mpaka magoti yakamgomea. Yeye na mumewe walikuwa wamepanga hapo zaidi ya miaka ishirini. Mumewe alikuwa amefariki Jumapili, ameketi, akisubiri kahawa.

Nikampa pole. Nikamweleza kwamba tumetoka manispaa na kwamba tunaweza kurudi wiki nyingine.

"Hapana, mutoto yangu," akasema. "Habafukuzake muntu ku kilio. Muingie. Mutakula kwanza, kisha mutafanya kazi yenu."

Karibu na mlango palikuwa na kimeza kidogo na kiti kimoja. Nikakaa pale, nikatandaza fomu zangu. Hapo ndipo kosa lilipoanza, na ni kosa ambalo mtu wa Likasi asingelifanya. Kwetu Buyenzi tunazika haraka, tunasoma dua, watu wanakula na kurudi makwao, jamaa wa karibu tu ndio hubaki kulala. Sikujua kwamba wenzetu wa Katanga, msiba ukitokea, hukaa na kulala na mfiwa siku nyingi, na kwamba karibu na mlango huwekwa daftari. Kila aliyekuja kulala huandikwa jina, ili siku yeye atakapofiwa mfiwa wa leo ajue deni la utu alilonalo. Mwenye daftari siku hiyo alikuwa ameteremka kununua mkate. Mimi nikakaa kwenye kiti chake na karatasi zangu na kalamu.

Nikauliza swali langu. Nani alilala hapa jana?

Sijawahi kujibiwa vizuri namna ile. "Miye," akasema mama wa kwanza. "Na miye, andika." "Andika miye na mukubwa yangu." Walikuja mpaka kwenye meza, wakapanga foleni, wakanitajia majina yao yote mawili na umri, wengine wakanyoosha vitambulisho. Bwana mmoja aliyetoka Charleroi akasisitiza, "Andika na bibi yangu. Anaenda ku soko, lakini alilala hapa tangu lundi, siku ya pili ya kilio." Mama mmoja mzee akainama juu ya karatasi kuhakikisha, akaniambia, "Andika jina muzuri, asikuye kusema sikukuya." Maneno hayo, kwamba mfiwa asije akasema hakuja, yalipaswa kunishtua. Watu wa mtaa ule hawatoi majina yao kwa manispaa kwa furaha. Niliyasikia, nikaona tu kwamba swali langu ni zuri kuliko nilivyodhani.

Walikuwa kumi na tisa.

Msanifu alikuwa amemaliza kupima. Vyumba viwili na jiko. Akatazama idadi, akanitazama mimi, na usoni mwake nikaona hofu na furaha zimechanganyika. Nikamwambia kwa Kifaransa kwamba kuna msiba hapa.

"Naona," akasema. "Lakini walilala hapa au hawakulala?"

"Walilala."

"Basi ndiyo hivyo. Suala la msiba liandike kwenye maelezo."

Sehemu ya maelezo ilikuwa mistari mitatu chini kabisa ya fomu. Nilikuwa nimeshika kalamu. Mfiwa akaniletea sahani ya bukari na sombe, ugali na kisamvu cha kwao, akasimama mpaka nikaonja, nikaweka kalamu chini nikala. Kisha msanifu akaanza kutazama saa kwa sababu zilikuwa zimebaki ghorofa mbili. Nikaweka sahihi, nikajiambia nitajaza ile mistari mitatu ofisini. Jumatatu nilipokumbuka, fomu zilikuwa zimeshaingizwa kwenye kompyuta, na kwenye kompyuta hapakuwa na mistari mitatu.

Baada ya wiki chache mkuu akatuita kuangalia ramani. Kila nyumba ilikuwa na rangi yake kulingana na msongamano wa watu, na nyumba moja tu katika mtaa mzima ilikuwa nyekundu iliyokolea. "Watu kumi na tisa katika vyumba viwili," akasema mkuu, akigusa skrini kwa kidole. "Hii ndiyo itakayotupa ruzuku." Watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko.

Nikamfuata mkuu ofisini kwake kikao kilipoisha. Nikamweleza kwamba mle ndani kulikuwa na msiba. Akauliza, siku za kawaida wanaishi wangapi? Nikajibu, sasa hivi, mmoja.

Alifunga mlango. Hakufoka, na mara nyingine huwa natamani angefoka. Alisema kwamba nikibadilisha fomu ile moja, mkoa utataka fomu zote zilizotumia swali langu zikaguliwe upya, na maombi yanakwenda Ijumaa. Akasema hizi ni takwimu tu, hakuna atakayemgusa yule mama. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Na ile nyumba ni mbovu kweli, sivyo? Tukipata fedha, yeye atakuwa wa kwanza kufaidika."

Ilikuwa mbovu kweli. Ukungu ulikuwa umepanda ukuta wa jikoni mpaka kiunoni. Nikalishika neno hilohilo, nikatoka. Ningependa kuandika kwamba alinilazimisha, lakini hakunilazimisha hata kidogo.

Ruzuku ikaja. Tulikunywa ofisini, wao divai, mimi maji ya machungwa, na mkataba wangu ukaongezwa muda. Manispaa ikainunua ile nyumba kwa mwenyewe, mzee mmoja ambaye hakuwa amegusa bomba wala ukuta kwa miaka, na wapangaji wote wakapelekewa barua. Waliambiwa wataondoka kazi zikianza, watapewa mahali pa muda, na zikimalizika watakuwa na haki ya kwanza ya kurudi.

Barua ya mjane wa ghorofa ya kwanza ilikuwa tofauti. Alinipigia simu niende kumsomea, maana barua za ofisi zilikuwa zinamtisha, na Kifaransa alikisema tu, hakukisoma. Nilikaa kwenye kochi lake, meza imerudishwa mahali pake, picha ya marehemu iko ukutani sasa. Nikasoma kimya kwanza. Barua ilisema kwamba kwa mujibu wa ukaguzi wa manispaa, mpangaji amekutwa na watu kumi na wanane wasioandikishwa wanaolala kwake, kwamba kuna dhana ya kupangisha magodoro kwa fedha, na kwa sababu hiyo atapewa mahali pa muda lakini hatakuwa na haki ya kurudi. Takwimu tu, mkuu alikuwa amesema. Kumbe faili lilikuwa limehamia ofisi nyingine, na huko hawakuwa wakitafuta ruzuku, walikuwa wakitafuta wenye makosa.

"Banasema nini, mutoto yangu?"

"Wanasema nyumba ni mbovu, maman. Lazima utoke watengeneze."

"Na nitarudia?"

"Tutaona."

Nimewahi kusema uongo mwingi hapa Ubelgiji, kwa polisi, kwa mwenye nyumba, kwa mwalimu wa mwanangu. Hakuna ulioniuma kama hilo neno moja, tutaona. Muda wa kulalamika ulikuwa umeandikwa kwenye barua, siku thelathini, mstari wa mwisho. Ningemsomea, angekwenda kulalamika. Angelalamika, wangeuliza fomu ilijazwa na nani. Nikaikunja barua nikamrudishia, naye akaiweka ndani ya Biblia yake, mahali pa vitu vya maana.

Walimpeleka upande wa pili wa jiji, chumba kimoja, ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi ilipotaka. Kwa magoti yale, ilikuwa kama kufungwa. Kanisani aliacha kwenda. Wenzake walikuja mwanzoni, kisha wakapungua, kwa kuwa njia ni ndefu na kila mtu ana kazi yake. Mimi nilikwenda kila Jumanne baada ya kazi. Nilipitia Matonge, kwenye maduka ya Kiafrika, nikamnunulia sombe na samaki wa kukaushwa, nikapanda zile ngazi, na kila mara alinitambulisha kwa jirani yake Mmoroko kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nisikie, "Huyu ni mutoto yangu. Ni yeye tu eko nakuyaka kuniona."

Alichotaka kukijua kilikuwa kimoja: kazi zimefika wapi. Nikamwambia wamebomoa ngazi, wakajenga mpya. Wameweka madirisha ya vioo viwiliviwili. Ukungu umekwisha. Akanisikiliza kama anasimuliwa habari za harusi. Alikwisha kupanga kitanda kitakaa upande gani. Siku moja aliniambia kwamba uzuri wa nyumba haumhusu, hata ingebaki na ukungu wake angerudi. "Bwana yangu alikufia pale," akasema. "Na pale, nikianguka mu ngazi, bantu banajua jina yangu. Huku nikianguka, banaita tu ambulance." Nilitazama kikombe changu. Nilimpenda yule mama, na niliendelea kumdanganya Jumanne baada ya Jumanne, kwa miaka miwili.

Nilikuja kuandika barua, kwa kamati ya ugawaji wa nyumba, mwishoni kabisa, jengo likiwa linapakwa rangi. Nilieleza kila kitu: msiba, daftari, kiti, mistari mitatu. Ningependa ionekane nilipiga moyo konde, lakini ukweli ni kwamba wiki mbili kabla nilikuwa nimepewa ajira ya kudumu. Kamati ya ugawaji ikanijibu kwa mistari michache. Faili lilikuwa limefungwa, nyumba zote zilikuwa zimegawiwa, na walipenda kunikumbusha kwamba sahihi iliyo chini ya fomu ni yangu.

Siku ya ufunguzi nilipangiwa kuwatembeza wageni. Utepe ulikatwa, maofisa wa serikali za juu wakapigwa picha kwenye bustani, mmoja akaniuliza kama wakazi wa zamani wamefurahi. Ghorofa ya kwanza ilikuwa imepewa familia yenye watoto watano, watu waungwana waliokuwa wamesubiri nyumba miaka mingi. Mke wa nyumba alitufungulia kila kabati kwa aibu na fahari. Nilitafuta sababu ya kumchukia, nikaikosa.

Jumanne iliyofuata nikamweleza maman.

Alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. Nilianza na fomu, nikaenda na mkuu, nikafika kwenye barua niliyomsomea nusu. Nililia nikieleza. Yeye aliendelea kutoa mawe na kuyaweka pembeni, moja moja. Nilipomaliza akauliza kwa sauti ileile aliyokuwa akiulizia madirisha.

"Na ile barua uliandika, banakubali?"

"Hapana, maman. Nyumba imeshapewa watu."

"Alors, miye sitarudia."

"Hutarudi."

Akachambua kidogo. "Sasa juu ya nini unaniambia?"

Nikasema nilitaka ajue ukweli. Nikasema nilishindwa kuubeba tena.

"Wee ulishindwa kubeba," akasema. "Bon. Miye nilikuwa najua État, serikali yao, inanifukuza. État ni État, haina macho, hainijue. Nilikuwa nalala. Nilikuwa nasema, Mungu anakamata bwana yangu, État inakamata nyumba, lakini alinipatia huyu mutoto wa Burundi." Akasukuma sinia mbali kidogo. "Ile siku ulikula kwangu."

"Nilikula, maman."

Niliosha vikombe, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea, nikaaga. Aliniitikia.

Wiki ile sikulala vizuri, lakini Jumanne nikanunua samaki nikaenda. Nilidhani hatafungua. Alifungua mara moja. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri na kufunga kilemba, jinsi anavyovaa akitarajia mtu wa ofisi, na kiti kilikuwa kimewekwa upande wa pili wa meza, siyo pembeni yake.

"Bonjour, madame," akasema, akinionyesha kile kiti. "Asseyez-vous."

Nikamsalimu kwa Kiswahili. Akanijibu kwa Kifaransa, taratibu, kila neno mahali pake, akaniuliza kama nimemletea karatasi ya kutia sahihi. Nikasema hapana, sina karatasi. Akainamisha kichwa kuonyesha kwamba ameelewa, akanimiminia chai, akakaa akisubiri nieleze basi nimekuja kwa shughuli gani.